Dishi Linapika Madondo

Goma moto iko kila mahali isipokuwa pale mathe anaitaka. Juu yetu imekaa Nyiragongo, mita 3,470, mlima uliolipuka 1977, ukarudia 2002 lava ikapasua katikati ya town mpaka ziwani, halafu 2021 tena watu wakatoka nduki na magodoro vichwani. Chini ya Ziwa Kivu kumelala gesi ya methani, kama kilomita 60 za ujazo, na majirani wetu wa Karongi, Rwanda, washaigeuza stima ya megawati 26 kwa mtambo wa KivuWatt. Upande wa Rutshuru kuna umeme wa maji wa Matebe, megawati 13.8, uliozinduliwa Desemba 2015. Ndosho kuna sola ya kampuni ya Nuru, megawati 1.3, iliyowashwa 2020. Sasa toka nje saa kumi na moja jioni, chungulia parsele yoyote ya Majengo ama Mabanga. Mathe ameinama kwa mbabula, anapepea makala na kipande ya katoni, moshi imemshika macho, na mtoi amekaa kando anangoja bugali.

Mi nilizaliwa hapa, nikalelewa Kayole, Nairobi, nikarudi. Ndio maana Sheng yangu iko na makala (makaa) na parsele (ploti) ndani. Wasee wa Nairobi mtanipata, wa Goma mshanizoea.

Makala hapa ni uchumi mzima, usichukulie poa. Inaingia na boti mpaka Kituku, inashuka na malori kutoka Masisi na Rutshuru, inapanda chukudu, ile skuta ya mbao, gunia tatu nne zimefungwa na kamba, na dereva amekunja goti moja anateleza mteremko bila breki ya maana. Kutoka hapo inakatwa katwa mpaka kwa kile kindoo kidogo mathe ananunua kila siku juu hana doo ya gunia. Na kila mtu anajua: kununua makala kwa kindoo ndio bei ghali kuliko zote. Maskini analipa zaidi kwa moto ile ile.

Nyuma ya gunia kuna msitu. Mbuga ya Virunga ilianzishwa 1925, ndio ya kwanza kabisa Afrika kuitwa mbuga ya taifa, na UNESCO iliiweka kwa orodha yake 1979. 1994 wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda, wakakaa Mugunga, Kibumba na Katale mpaka 1996, na watu wengi hivyo hawawezi pika bila kuni. Msitu ulikatwa, na nani angewalaumu? Baadaye vita ikakaa, na wenye bunduki wakagundua makala inalipa. Unamkumbuka yule gorila wa selfie, Ndakasi, aliyesimama wima nyuma ya ranja 2019 ka staa, picha ikazunguka dunia? Alipatikana 2007 akiwa katoto ka miezi miwili, kamemng'ang'ania mathe yake aliyeuawa kwa risasi. Huo mwaka magorila wengine waliuawa pia, na biashara ya makala ikatajwa sana kwa uchunguzi wa mauaji hayo. Ndakasi alikufa Septemba 2021. Sisemi mathe yako wa Majengo ndiye alimpiga risasi. Nasema kindoo ya makala iko na historia ndefu kuliko vile inakaa.

Sasa twende kwa base, pale vijana tunakaa.

Base yetu iko nyuma ya gereji moja, na watu wa base hawana doo ya paneli. Panels, betri, inverta, hiyo ni ligi ya wenye NGO na wenye maduka. Ila kitu moja haikosi Goma ni dishi za TV zilizokufa. Ziko juu ya mapaa, ziko Birere kwa wauza vyuma, zingine zimegeuzwa karai ya kuku kunywea maji. Hizo dishi zilipindwa na watu wenye hesabu kali, na ule mpindo ndio kitu ngumu kutengeneza. Wewe unaletewa bure, kazi yako ni kuifanya ing'ae.

Physics yake ni rahisi hadi inakasirisha. Miali ya jua inafika ikiwa imenyooka sambamba. Ikigonga kioo kilichopindwa kwa umbo la parabola, yote inaruka kukutana mahali pamoja. Kwa dishi ya TV, hapo mahali pamoja ndio pale kile kijicho kilikuwa kinashikwa na mkono wa chuma. Kijicho kilikuwa kinameza mawimbi ya setilaiti. Unakitoa, unaweka sufuria. Kwisha. Zile dishi za kisasa za mviringo mrefu ni wajanja zaidi, mkutano wao uko chini pembeni badala ya katikati, so usishangae ukiona miali inakimbilia upande.

Ukipata karai ama unapinda bati mwenyewe bila mkono wa kukuonyesha, kuna hesabu moja tu ya kubeba. Pima upana wa dishi, uuzidishe kwa wenyewe, halafu gawanya kwa kina mara 16. Dishi ya sentimita 120 yenye kina cha sentimita 20: 14,400 gawa kwa 320, unapata 45. Sufuria inakaa sentimita 45 juu ya kitako cha dishi. Mtoi wa sekondari anafanya hiyo kwa vumbi na kijiti.

Kung'arisha ndio kuna kazi ya mikono. Foili ya jikoni inakatwa vipande vyembamba, inapakwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa, inalazwa upande wa kung'aa juu, unaipiga pasi na kitambaa polepole kutoka katikati kwenda nje. Kila kunyanzi ni miali imepotea njia. Foili mpya inarudisha kama asilimia 85 ya mwanga, lakini Goma haichelewi kuichafua: vumbi nyeusi ya lava, na siku upepo ukileta moshi wa volkano, mvua inashuka na asidi inayokula hata mabati. Kwa hivyo wazito wa base walihamia vioo. Fundi wa vioo yeyote ako na mabaki anatupa. Unamlipa kitu kidogo anakukatia vipande vya sentimita tano kwa tano, unavibandika moja moja na silikoni mpaka dishi inakaa ka mpira wa disko wa sherehe za kitambo. Kila kipande ni bapa, so doa la mwanga haliwi kadogo ka ncha ya sindano, linakuwa pana kama kipande chenyewe. Kwa sufuria hiyo ni baraka: moto inasambaa kwa kitako, haitoboi mahali moja.

Halafu inakuja shida ya Goma pekee. Kila kitabu cha haya mambo kinakwambia uchimbe shimo, usimamishe mti wa kushikilia dishi. Chimba wapi? Hapa chini ni lava, mwamba mtupu, ata choo watu wanachimba na sululu wakilia. Jibu lilitoka kwa gereji: tairi ya lori imelazwa, imejazwa mawe ya lava, bomba limesimamishwa katikati. Mawe hayakosi, na upepo wa ziwa wa alasiri, ule unarusha nguo kwa kamba, haujawahi kuipindua.

Kulenga jua nako kuna ujanja. Unafunga msumari umesimama wima kwa ukingo wa dishi. Kivuli cha msumari kikipotea, umelenga. Kikianza kuonekana tena, sukuma dishi kidogo. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, so kila robo saa hivi mtu lazima aguse. Hapo ndio watoi wa parsele wamepata wera, na wanapigania zamu.

Na sasa kitu inanichekesha kila mwaka. Sisi tuko karibu na ikweta, kusini kidogo, kama digrii moja na nusu na kidogo. Mwezi wa 6 mpaka wa 8, kiangazi chetu, saa sita jua liko upande wa kaskazini. Yaani msimu mzuri kuliko yote ya kupika na jua, dishi yako inaangalia Nyiragongo uso kwa uso. Desemba unaigeuza, inaangalia ziwa. Katikati ya mwezi wa 3 na mwisho wa mwezi wa 9 jua linapita utosini kabisa, dishi inalala chali, na kufikia sufuria inabidi uiname juu ya kioo. Hizo wiki ndizo hatari.

Juu tubonge ukweli, hii kitu si toi. Karatasi ukiiweka pale kwa mkutano wa miali inashika nare kabla umalize sentensi. Mwenge wa Olimpiki wenyewe unawashwa hivyo, kwa kioo kilichopindwa, kule Olympia Ugiriki. Kule Odeillo, Ufaransa, wana kioo kikubwa ka jengo kinachofika digrii 3,500, chuma inakuwa uji. Ya kwetu ni kadogo lakini jicho halijui tofauti. Grand mmoja anayechomelea vyuma alinipa miwani yake ya kazi siku ya kwanza akanishow: "Petit, vaa hii. Macho hawauzishi ku Birere." Ukimaliza kupika, funika dishi na gunia ama uigeuze iangalie chini. Dishi iliyoachwa wazi inaweza choma ukuta wa mbao wa jirani wakati nyote mmeenda kucheki mechi, na Goma nyumba za mbao ndizo nyingi.

Nguvu yake? Dishi ya sentimita 120 ina eneo la mita moja ya mraba na kidogo. Jua kali la saa sita bila wingu linashusha kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Toa hasara ya kioo, ya upepo, ya sufuria isiyo nyeusi vizuri, unabaki na kama nusu: wati 500 hadi 600. Lita mbili za maji zinachemka kwa nusu saa hivi, ukibahatika kasoro. Sufuria iwe imejaa masizi nje, usiisugue. Mathe wote waliokuchapa juu ya kusahau kusugua sufuria, hii ndio siku yako ya kujitetea.

Nilidhani habari imeishia hapo, mpaka mama wa parsele yetu alipokuja kukagua. Alizunguka dishi, akaangalia maji yakitokota bila moshi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza: "Mutoto yangu, hii kintu iko muzuri. Lakini bugali nitaigeuza namna gani humo?"

Base nzima kimya.

Fikiria vizuri. Bugali ya muhogo ama mahindi inageuzwa kwa nguvu, mwiko umeshikwa na mikono miwili, sufuria imebanwa kwa miguu. Sasa sufuria iko juu ya kabomba, katikati ya kioo kinachochoma, na mathe anaisukuma na uzito wa mwili wote? Na inaliwa saa ngapi bugali? Usiku. Jua liko wapi? Limelala zake. Miradi mingi ya majiko ya jua Afrika iliingia kaburi kwa hayo maswali mawili, juu waliopeleka majiko walibeba vipimo vya joto na hawakubeba mwiko. Wanapiga picha, wanaenda, jiko linakuwa kibanda cha kuku.

Kwa maoni yangu mama alitufanyia kazi kuliko injinia yeyote, juu alitulazimisha tuulize dishi inafaa nini badala ya kulazimisha ifanye kila kitu. Jibu ni madondo, yaani maharagi.

Goma iko juu, kama mita 1,500 juu ya bahari. Kwa huo urefu maji yanachemka kwa digrii 95 hivi, sio 100 ya kitabuni. Maharagi yanajua hiyo tofauti. Yanakaa motoni saa nyingi kuliko Mombasa, na hizo saa ndizo zinamaliza kindoo ya makala. Bugali inachukua dakika chache. Madondo ndiyo mlaji mkubwa wa makala kwa nyumba. Na madondo hayataki kugeuzwa, hayataki mtu asimame hapo, yanataka tu moto mrefu wa mchana. Yaani Mungu aliyapangia jua kabla sisi hatujafika.

Inafanywa hivi: unaloweka usiku, asubuhi unamwaga maji, saa nne jua likishakaza unaweka. Maharagi mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi, mbichi yana sumu ya kukupindua tumbo, na hapo dishi inashinda yale masanduku ya jua ya kioo na katoni ambayo mara nyingi yanapasha bila kuchemsha. Yakitokota saa moja na kidogo, unayatoa na moto wake, unayafunika kwa kapu iliyojazwa nguo kuukuu na blanketi, unaifunga kisawasawa. Yanaendelea kuiva humo yenyewe. Jioni mathe anayafungua, anayakaanga na mawese na kitunguu kwa makala kidogo, bugali inasimama pembeni, na samaki sambaza kama ziwa limekubali. Mbabula imewaka kidogo tu badala ya kuanza saa nane.

Kazi ya pili ni maji. Wengi wetu tunakunywa ziwa, linabebwa kwa bidon na chukudu ama kichwani, na Goma inakumbuka kipindupindu: 1994 kiliua watu maelfu kwa maelfu kwa wiki chache kambini. Maji hayahitaji hata kuchemka ili yaue vijidudu vya aina hiyo; yakikaa digrii 65 dakika kadhaa yameshasafishika. Lakini sisi tunachemsha tu mpaka yatokote, juu hatuna kipima joto na mathe anaamini povu.

Usidhani tumegundua dunia. Baghdad, mwaka kama 984, msomi Ibn Sahl alikuwa tayari anaandika hesabu ya vioo vinavyochoma. Mfaransa Augustin Mouchot alileta kioo kikubwa kwa maonyesho ya Paris 1878, akatumia jua kutengeneza barafu, watu wakachanganyikiwa. Halafu makaa ya mawe yakashuka bei na serikali ikamsahau. Maadi, karibu na Cairo, 1913, Mmarekani Frank Shuman alipanga mifereji ya vioo ikawa inavuta maji ya Nile. Mwaka uliofuata vita ya dunia ikaanza, na mradi ukafa.

Ila kwangu mimi, stori tamu kuliko zote iko hapo kwa majirani. 1986, kwa misheni moja kaskazini mwa Kenya, mse anaitwa Wolfgang Scheffler alisimamisha kioo chake cha kwanza kilichofanya kazi sawasawa. Ujanja wake: badala ya dishi nzima, alichukua kipande cha ubavuni cha parabola kubwa, akakifanya kizunguke polepole kwa mtambo wa saa huku doa la moto likibaki mahali pamoja siku nzima. Maana yake mpishi anakaa ndani jikoni, kivulini, na jua linaletwa kupitia dirisha. Na mse hakuweka patenti, akaachia michoro watu wajijengee. India waliichukua mbio. Shirdi, kwa hekalu, waliweka dishi 73 za aina hiyo za kutoa mvuke wa kupikia mahujaji. Kitu ilianzia kwa jua la Kenya, Wahindi ndio wakapata sifa za kuitumia kwa wingi, na sisi tunanunua makala kwa kindoo. Hiyo inaniuma.

Kakuma nako, kambi ya Kenya, 1995, Solar Cookers International waligawa karatasi za kukunja zenye foili kwa wakimbizi. Nyepesi, rahisi, hazichomi jicho. Ila zinapika taratibu na haziishi sana. Ukiniuliza, hizo ni za mama mwenye haraka ya kuanza leo, dishi ya vioo ni ya parsele inayokaa watu wengi, na kile cha Scheffler ni cha shule, hospitali, kambi. Shule moja ya bweni ya Goma inachoma magunia mangapi kwa madondo ya wanafunzi? Wakuu wa shule ndio wanajua, na ndio ningewakalia kichwani.

Niseme pia pale dishi inakula hasara. Msimu wa mvua, kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 12 na tena wa 3 hadi wa 5, asubuhi inaweza kuwa safi na saa saba ishafunga. Unaanza madondo, wingu linakuja, unahamisha sufuria kwa mbabula bila aibu. Na mtu anayekaa kwa kichumba cha kupanga kilichobanwa na ukuta wa jirani pande zote, jua linamfikia saa mbili kwa siku, hiyo dishi aweke wapi? Huyo anahitaji stima ya bei nafuu, simdanganyi na kioo.

Na kuna swag ndani yake, hiyo siwezi ficha. Vijana wanaokaa base bila kazi wamejifunza kukata kioo, kupinda bati, kupiga hesabu ya 16, na sasa wanaitwa parsele zingine kutengenezea watu. Malipo ni kitu kidogo na sahani ya madondo. Kila mtu anapiga video sufuria ikitokota hewani bila moto, manzi wanauliza ni uchawi gani. Doo bado ni ndogo, lakini ni ya jasho.

Kama una dishi iliyokufa juu ya paa, ishushe hii wikendi. Tafuta mabaki ya kioo, tairi, mawe, miwani ya kuchomelea. Anza na maji siku ya kwanza, madondo kesho yake. Bugali muachie mathe na makala yake, na usimwambie eti jua litamaliza mbabula, juu halitaimaliza; litaipunguzia kazi ya mchana, na hiyo peke yake ni kindoo kadhaa kwa mwezi zimebaki mfukoni mwake.